Minyoo ya Tumbo, na Jinsi Inavyotupata Huku Milimani

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Mhariri ameniomba niandike somo moja la elimu ya viumbe kwa ajili ya gazeti letu la muhula huu, nami nimechagua minyoo ya tumbo. Najua wako watakaocheka, na wako watakaokunja uso, maana hii si habari ya kusomewa mezani. Lakini nimeichagua kwa kuwa ni ugonjwa ambao wengi wetu tumepata kuwa nao, na hata hivyo ukimwuliza mtu ameupataje, mara nyingi jibu lake halitamsaidia kuuepuka tena.

Jibu lisikikalo sana vijijini ni kwamba mtu huzaliwa na mchango wake. Husemwa kuwa umo tumboni tangu mwanzo, umetulia, wala hausumbui ila uchokozwe kwa njaa au kwa vitu vitamu. Wengine huongeza kuwa husaidia kusaga chakula. Nawaheshimu wazee wasemao hivyo, maana wametufundisha mengi ya kweli, lakini neno hili si la kweli, tena lina madhara. Mtu aaminiye kuwa mchango ni sehemu ya mwili wake hawezi kuuliza umepita wapi.

Basi neno la kwanza la kushika ni hili. Minyoo mingi ya tumbo haizai wana wakakulia humo humo tumboni kama panya ghalani. Hutaga mayai, na mayai hayo sharti yatoke nje pamoja na choo kikubwa, yakae udongoni kwa siku kadhaa au majuma, ndipo yawe tayari kumwingia mtu mwingine, au kumrudia yule yule. Kwa hiyo ukiwa na michango 10 tumboni, ujue kwamba mayai 10 yalipita kinywani mwako, moja kwa kila mmoja. Hakuna hata mmoja uliozaliwa ndani. Wako wachache wasiofuata kanuni hii, kama vile wale wadogo weupe wawashao watoto usiku sehemu za nyuma, ambao mayai yao hubebwa kwa kucha hadi mdomoni usiku ule ule. Lakini ile mikuu mitatu ituhusuyo sana yafuata kanuni hiyo, nayo ni mchango, safura na mnyoo-mjeledi.

Mchango, ambao vitabu vya sayansi huuita askarisi, ni mnyoo wa mviringo, mweupe wa kuelekea wekundu, na jike lake huweza kufika urefu wa sentimita 35, yaani kupita rula ya darasani. Jike moja hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku. Fanya hesabu: majike 10 katika mtoto mmoja ni mayai milioni 2 kila siku, na mtoto huyo akijisaidia nyuma ya migomba asubuhi moja tu, amekwisha panda shamba zima. Yai lina ganda nene lenye kunata. Huweza kukaa katika udongo wenye unyevu na kivuli kwa miezi mingi, hata miaka, likingoja. Klorini itiwayo katika maji ya kunywa haliidhuru sana. Lichukialo ni jua kali, ukavu, na moto.

Mnyoo-mjeledi ni mwembamba, wa sentimita 4 hivi, umbo lake kama kiboko cha mchunga ng'ombe: mpini mnene na ncha nyembamba iliyojichoma ndani ya utumbo mpana. Ukiwa mwingi huleta kuhara kwa damu na kumdumaza mtoto. Huingia kwa njia ile ile ya mchango.

Safura ni habari nyingine. Huu ni mnyoo mdogo, wa sentimita 1 tu, lakini hung'ata ukuta wa utumbo na kunywa damu. Mayai yake huanguliwa udongoni kwa siku moja au mbili, na baada ya siku 5 hadi 10 vile vijinyoo vimekuwa tayari. Hapo havingoji kumezwa. Hupanda juu ya unyevu wa udongo, na mguu mtupu ukipita, huupenya kati ya vidole. Mtu huona mwasho tu. Kisha vijinyoo huchukuliwa na damu hadi kwenye mapafu, hupanda koo, humezwa, na kushuka tumboni. Mnyoo mmoja wa aina ya safura ienezayo sana katika Afrika hunyonya kama mililita 0.03 za damu kwa siku. Ni kidogo mno, utasema. Lakini ukiwa nayo 100 ni mililita 3 kwa siku, na kwa mwezi ni mililita 90, yaani kikombe cha kahawa kilichojaa damu yako mwenyewe. Mtu alaye nyama kila siku pengine ataweza kulipa deni hilo. Mtu alaye ugali kwa kabichi hataweza.

Pengine msomaji atauliza, haya yalijulikanaje? Yalijulikana kwa watu waliothubutu, na wengine kwa bahati. Mwaka 1880, wafanyakazi waliokuwa wakichimba handaki la reli la Gotthard kule Uswisi waliugua upungufu mkubwa wa damu, na madaktari walipochunguza wakakuta safura. Handaki lile lilikuwa lenye joto na matope, wala hapakuwa na vyoo. Baadaye, mtaalamu wa Kijerumani Arthur Looss, akifanya kazi Cairo, alidondosha kwa bahati mbaya mkononi mwake maji yenye vijinyoo vya safura. Ngozi ikawasha na kuwa nyekundu. Alipoyatazama tena yale maji kwa hadubini, hakukuta ila maganda yaliyobaki. Vijinyoo vyenyewe vilikwisha ingia. Habari hiyo aliitangaza mwaka 1898, na wengi hawakumsadiki mara moja. Naye daktari wa Kijapani, Shimesu Koino, mwaka 1922 alimeza kwa makusudi mayai 2,000 ya mchango, akapata ugonjwa wa mapafu, na vijinyoo vikaonekana katika makohozi yake. Ndiyo maana mtoto mwenye michango hukohoa kabla ya kuumwa tumbo, na mama hudhani ni baridi ya milimani.

Sasa turudi kwetu Usambara, maana minyoo ni ile ile duniani kote, bali milango yake hutofautiana mahali na mahali. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao bilioni 1.5 wana minyoo ienezwayo na udongo. Udongo ndilo neno kuu. Na udongo wetu ukoje?

Mombo iko chini, kwenye barabara kuu, kiasi cha mita 400 juu ya bahari. Ukipanda kwa Soni hadi Lushoto mjini umefika kama mita 1,400, na vilele vya juu vyapita mita 2,000. Huku juu ni baridi, kuna ukungu, kuna masika na vuli, na migomba na miti hutia kivuli. Kwa yai la mchango hali hiyo ni njema sana. Safura, kwa upande wake, hupenda joto na udongo mwepesi wa kichanga, kwa hiyo huko chini Mombo, bonde la Mkomazi, na nyika ya upande wa Umba, ndiko kwenye makao yake mazuri zaidi. Lakini mtu asijivune kwamba yeye ni wa juu. Jamaa nyingi za milimani zina mashamba ya nyikani pia, tangu enzi za mababu, na mtu hushuka kulima mahindi au mpunga akiwa miguu mitupu, kisha hupanda nyumbani akiwa amebeba gunia begani na safura miguuni.

Napenda tuufuate mteremko mmoja kutoka juu hadi chini, maana hapo ndipo somo lote lilipo. Sitautaja kwa jina. Kila atokaye Mlalo, Bumbuli, Mtae au Lukozi ataona kuwa nausema wa kwao.

Nyumba ziko juu, kwenye mgongo wa kilima, zimekaribiana kwa sababu ardhi ni haba. Nyuma ya nyumba kuna choo cha shimo. Mahali pengi mwamba uko karibu, kwa hiyo shimo si refu. Mahali pengine udongo huteleza na ukuta wa shimo huporomoka wakati wa masika. Mlango ni gunia, sakafu ni magogo yaliyopakwa udongo. Mtu mzima hukitumia. Mtoto mdogo hukiogopa, kwa kuwa shimo lina giza na magogo yana nafasi kubwa kuliko mguu wake, basi hujisaidia chini ya mgomba. Wazazi wengi huona si neno, maana choo cha mtoto, wasema, hakina uchafu. Na kumbe, mwenye minyoo mingi katika nyumba ile kwa kawaida ni mtoto huyo huyo! Choo kimejengwa kwa ajili ya watu wenye minyoo michache, na mwenye mingi ameachwa nje.

Mvua hunyesha. Maji huchukua kilicho chini ya mgomba na kukishusha. Hupita katika shamba la maharage, huingia katika mfereji, na mfereji hushuka hadi bondeni kwenye bustani za mboga. Bustani hizi ni sifa yetu. Kabichi, karoti, saladi, pilipili hoho na nyanya za Lushoto huliwa Tanga na Dar es Salaam, na karo za wengi wetu zimetoka humo. Mkulima husimama katika tope la mfereji tangu asubuhi, humwagilia, hupalilia, na saa nne hula kiporo chake pale pale kwa mkono aliousuuza katika maji yale yale.

Kisha huja siku ya gulio. Karoti hung'olewa, na kabla ya kutiwa katika magunia hushushwa mtoni zikaoshwe, maana mnunuzi hupenda karoti inayong'aa. Hapa ndipo nilipofikiri sana nilipokuwa nikisoma habari hizi. Karoti iliyong'olewa juu kwenye shamba safi huweza kuwa haina yai hata moja, ikaoshwa katika kijito kilichopokea maji ya vilima vitatu, na ikatoka imependeza lakini ina mayai. Macho ya mnunuzi yanamdanganya. Ile yenye udongo mkavu huenda ndiyo bora, mradi aioshe mwenyewe nyumbani kwa maji safi yanayotiririka, aimenye, au aipike. Kupika hukata maneno yote. Siki na chumvi si vya kutegemea. Huondoa hofu kuliko kuondoa mayai.

Matunda nayo yana habari yake. Katika miezi ya plamu na pichi, watoto huokota yaliyoanguka chini, wakayafuta kwa shati na kuyala. Sitasema zaidi, kila mmoja anajua.

Mtu aweza kuuliza habari ya samadi. Wengi huogopa samadi ya ng'ombe, wakidhani ndiyo iletayo michango. Hapana. Mchango wa binadamu hutoka kwa binadamu. Samadi iliyooza vema katika lundo lenye joto ni salama kwa jambo hili, na mkulima asiache kuitumia. Ila ng'ombe anahusika kwa njia nyingine, nayo ni tegu. Mtu mwenye tegu akijisaidia karibu na kingo zilizopandwa majani ya Guatemala, na majani yale yakakatwa na kupelekwa zizini, ng'ombe hula mayai, na nyama yake hupata vifuko vidogo vyenye vijitegu. Alaye mishkaki isiyoiva vizuri hupata mnyoo bapa wa mita 5 au zaidi. Nyama na iive, basi.

Kuhusu amiba na jiardia, ambavyo si minyoo bali ni viumbe vya chembe moja, nitasema tu kwamba hupita katika maji ya kunywa, na kuchemsha maji huviua. Kichocho nacho chataka konokono na maji yaliyotulia yenye joto, kwa hiyo twakiogopa zaidi bondeni na pwani kuliko huku kwenye baridi.

Tumeona mteremko, sasa ni nani hasa aliye hatarini? Wataalamu wamegundua jambo la ajabu, kwamba minyoo haigawanyiki sawasawa kati ya watu wa kijiji. Watu wengi huwa nayo michache, na wachache huwa nayo mingi sana. Watoto wa umri wa shule ya msingi ndio wenye michango na minyoo-mjeledi mingi, kwa sababu mikono yao iko udongoni na mdomoni kutwa. Safura huwapata zaidi vijana na watu wazima, hasa walimao bila viatu. Nao mama wajawazito wako katika hatari ya pekee. Damu yao inahitajika na wawili, na safura huipunguza. Tena wengi wao huona hamu ya kula udongo. Hamu hiyo huonekana sana kwa mtu aliyepungukiwa na damu, na udongo huo huweza kuwa na mayai ndani yake. Wanaume wasiwacheke. Wawapeleke kliniki, ambako wajawazito hupewa dawa ya minyoo baada ya miezi mitatu ya kwanza, pamoja na vidonge vya kuongeza damu.

Hapa nataka kusema neno kwa waalimu wetu, nao watanisamehe. Huko Marekani, katika majimbo ya kusini, watu maskini wa mashambani walisemwa kwa miaka mingi kuwa ni wavivu kwa tabia. Mwaka 1902 mtaalamu wa elimu ya wanyama na minyoo, Charles Stiles, alitangaza kuwa wengi wao walikuwa na safura, na magazeti yakaiita safura kijidudu cha uvivu. Mwaka 1909 tajiri Rockefeller alitoa dola milioni 1, ikaundwa tume iliyozunguka kupima watu, kutoa dawa, na kufundisha ujenzi wa vyoo hadi mwaka 1914. Nimeikumbuka habari hiyo kila nilipoona mwanafunzi akisinzia kipindi cha saa nane. Huenda alikesha akicheza. Huenda pia damu yake ni nyepesi. Kabla ya adhabu, si vibaya kumfunua kope la chini la jicho na kutazama kiganja chake. Kikiwa cheupe kuliko vya wenzake, anahitaji zahanati kuliko fimbo.

Habari hizi hazikuchunguzwa Ulaya na Marekani tu. Katika mkoa wetu wa Tanga, miaka ya 1990, mradi ulioitwa Ushirikiano wa Kumwendeleza Mtoto Tanzania ulipima watoto wa shule na kuwapa dawa za minyoo na za kichocho. Na kule Pemba, katika miaka hiyo hiyo, uchunguzi kwa watoto wa shule ulionyesha wazi kuwa kadiri safura ilivyokuwa nyingi ndivyo damu ilivyopungua. Kuhesabu kwenyewe si kugumu. Mpimaji huchukua choo kidogo sana, miligramu 41.7, kwa kibao chenye tundu, hukitandaza chini ya kioo, huhesabu mayai kwa hadubini, kisha huzidisha kwa 24 kupata mayai katika gramu moja. Akihesabu mayai 50 ya mchango, ni 1,200 kwa gramu, nao huitwa ugonjwa hafifu. Ukifika 50,000 huitwa mkali.

Sasa dawa. Dawa zipo, ni nzuri, na bei yake si kubwa. Kidonge kimoja cha albendazoli cha miligramu 400 humaliza michango mingi na kupunguza sana safura, ijapokuwa mnyoo-mjeledi huwa mkaidi kwa kidonge kimoja. Watoto wadogo wasiotimiza miaka mitano hupewa dawa pamoja na matone ya vitamini A, na shule za msingi hupata kingatiba. Sisi wa sekondari, wa miaka 17 na zaidi, kwa kawaida tumepita umri wa mpango huo, kwa hiyo wa kututazama ni sisi wenyewe.

Lakini dawa huua minyoo iliyomo leo. Haizuii yai la kesho. Mwaka 2012 wataalamu walikusanya taarifa za uchunguzi mwingi wa nchi mbalimbali, wakaona kwamba baada ya watu kunyweshwa dawa, mchango ulirudi miezi 6 baadaye hadi theluthi mbili ya kiwango cha kwanza, na baada ya miezi 12 ulikuwa karibu sawa na mwanzo. Dawa ni kama kukumba maji katika mtumbwi. Ni lazima uyakumbe, la sivyo utazama. Ila tundu likibaki wazi, utakumba siku zote za maisha yako. Nasema hivi si kwa kuidharau dawa. Mtoto anyweshwaye mara moja au mbili kwa mwaka huishi na minyoo michache kuliko asiyenyweshwa, na hiyo peke yake ni faida kubwa kwa damu yake na masomo yake.

Tundu lenyewe ni choo, na habari ya choo ni ngumu kuliko ya kidonge, kwa kuwa kidonge hukubaliwa kwa dakika moja bali choo hutaka moyo wa mtu. Wazee wa Mlalo wanakumbuka, au walisimuliwa na wazazi wao, mpango wa serikali ya kikoloni wa kuhifadhi udongo ulioanzishwa mwaka 1946, ambao uliwalazimisha watu kulima kwa matuta. Huenda nia ilikuwa kuzuia mmomonyoko, lakini uliletwa kwa amri na faini, watu wakaupinga, na mwishoni mwa miaka ya 1950 ukaachwa. Choo cha amri nacho ni hivyo hivyo. Kiko choo kijengwacho ili kumwonyesha Bwana Afya. Utakitambua upesi: njia ya kukiendea imeota majani.

Baada ya Uhuru ilijaribiwa njia nyingine. Mwaka 1973 ilifanywa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza vipindi vya redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua wenyewe la kufanya, kama kuchimba choo au kufyeka majani na kufukia madimbwi. Mimi naona ubora wa njia ile ulikuwa katika yale majadiliano. Mtu aliyekwisha fahamu kwamba yai hutoka kwake, hushuka kwa jirani, na humrudia katika saladi, atachimba shimo bila kutishwa. Na atalichimba vema: mbali na mfereji, na lenye mtaro mdogo upande wa juu ili maji ya mvua yasiingie. Tena ataweka sakafu imara yenye tundu dogo na kifuniko, mtoto asiogope kuanguka na nzi wasitoke. Kwa yule mtoto mdogo sana, yatosha chungu cha zamani. Kinachotoka humwe ndani ya choo.

Sasa niingie bwenini, nisije nikaambiwa nawasema watu wa vijijini peke yao. Sisi wa bweni tunaishi wengi mahali pamoja, twatumia vyoo vile vile, na mkono wa mmoja hugusa komeo ambalo baada ya nusu dakika hushikwa na mkono wa mwingine aendaye bwaloni. Shamba la shule hulimwa na wengi wetu kwa miguu mitupu, kwa sababu viatu vya shule ni vya kung'arisha, si vya kutia tope. Ndala au yeboyebo kuukuu zatosha kabisa. Gambuti ni bora kwa mwenye nazo. Kachumbari ya Jumapili, ambayo twaipenda sote, inastahili maji safi ya bomba na kisu cha kumenyea. Kucha ndefu ni ghala la mayai, jambo ambalo wenzangu wasichana wanaozitunza kwa urembo hawatapenda kulisikia.

Na kunawa mikono kwa sabuni baada ya choo, kila mmoja analijua. Kikwazo ni kwamba bomba liko upande wa pili wa kiwanja na kengele imekwisha gongwa. Kwa hiyo Klabu ya Afya imekubaliana kutengeneza vibuyu chirizi, nami naeleza hapa ili hata wadogo zetu wa vijijini waweze kuvitengeneza likizo ijayo. Chukua dumu la lita 5 lililosafishwa. Pasha msumari moto, utoboe tundu moja dogo mbele, chini kidogo ya kifuniko. Simamisha miti miwili yenye panda, laza fimbo juu yake, na upitishe fimbo hiyo katika mkono wa dumu ili lining'inie. Funga kamba shingoni mwa dumu, na ncha ya pili uifunge kwenye kijiti kilicholala chini. Ukikikanyaga kijiti, dumu huinama na maji huchirizika; ukikiachia, husimama tena, wala mkono haugusi kitu. Sabuni itobolewe katikati na kutundikwa kwa uzi pembeni, chini ya kopo lililopinduliwa ili mvua isiiyeyushe. Mawe madogo yatandazwe chini pasiwe na tope. Dumu moja likijaa hunawisha watu wengi, na zamu ya kulijaza itafuata orodha ya zamu za usafi. Madumu matatu tumekwisha pata. Mwenye jingine nyumbani alilete siku ya kufungua shule.